Shukrani za mwezi wa pili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, mbukwenyi, ndo salamu yetu ya Kigogo.

Nisiwafiche, wiki hii kushukuru kumekuwa kuzito kwangu. Kazi ya ujenzi aliyokuwa nayo baba watoto imesimama, tajiri anasema hela imekata, mafundi wote wamerudi majumbani, na huku kodi ya nyumba inakaribia kuisha, na mnajua wenyewe tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma 2016 kodi zimekuwaje, chumba na sebule tu unaambiwa ulipe miezi sita kwa mpigo. Mtoto kaanza kidato cha kwanza, ada hakuna kwa kweli tunashukuru, lakini sare, madaftari, viatu, mchango wa chakula, vyote vinadai kwa pamoja. Afu mama mkwe kapiga simu toka kijijini anasema uwele uliota vizuri na mvua za mwezi wa kumi na mbili ila sasa mvua imekata, majani yanajikunja mchana na hata jioni hayakunjuki vizuri. Sisi wa Dodoma tunaelewa maana yake. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili basi, na kwa mwaka mzima mara nyingi hazifiki hata milimita 600. Mwezi wa pili ukikauka, akiba ya mwaka jana iko mwishoni na ya mwaka huu haijulikani.

Sasa katika hali hiyo ndo naambiwa zamu ya tafakari ni yangu na tunaongelea shukrani. Nikasema Bwana, hapa unanitaka niseme nini.

Nikaenda kwa nabii Habakuki. Sura ya tatu mstari wa 17 na 18 wote tunaijua, tunaisoma kwenye misiba, tunaiimba, lakini naomba safari hii muisome kama watu wa Dodoma. Mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda. Ndugu zetu wakulima wa zabibu wa Hombolo na Makutupora hapo hawahitaji mhubiri wa kuwafafanulia. Zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, umepiga dawa, umekata matawi, umemwagilia, umekopa, halafu ugonjwa unaingia au mnunuzi haji na zabibu haimsubiri mtu, inaozea shambani unaiona. Mashamba hayatatoa chakula. Huo ndo uwele wa mama mkwe. Zizini hamtakuwa na kundi, wala vibandani hamtakuwa na ng'ombe. Mgogo ukimwambia zizi halina kitu umemwambia kila kitu, hapo ndo mahari, ndo ada, ndo matibabu, ndo heshima ya mzee mbele ya wenzake.

Kilichonishika ni kwamba huyu mtumishi anataja. Hajasema kwa juu juu kwamba hali ni ngumu ila tunamshukuru Mungu. Anataja tini, zabibu, zeituni, shamba, kondoo, ng'ombe, kila kitu kilichopungua anakiweka mbele za Mungu kwa jina lake, na akishamaliza kutaja ndipo anasema nitamfurahia Bwana, nitamshangilia Mungu wa wokovu wangu. Na huyu huyu kitabu chake anakianza na malalamiko, sura ya kwanza mstari wa pili, "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Mungu hakumfukuza. Hakumwambia toka hapa huna imani. Alimjibu, tena jibu lenyewe halikuwa la kumfurahisha, Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wanakuja, na mtu bado akafika mahali pa kushangilia.

Kwahiyo wapendwa nataka niliseme hili kwa nguvu zote, kumshukuru Mungu sio kujifanya huna shida. Kuna shukrani tumejifunza makanisani ambayo ni kama kunyamazishwa. Mtu anakuja analia kwamba watoto hawajala unamwambia mshukuru Mungu una uzima. Ni kweli uzima ni zawadi, lakini wewe umesema hivyo ili aondoke, hukusema ili amwone Mungu. Mtoto mwenye njaa anamlilia mama yake, halii kwa jirani, na anavyomlilia ndo anaonyesha anamjua nani mwenye chakula. Ukiwa na shida mlilie Mungu, taja kodi, taja sare, taja mvua, taja yule aliyekudhulumu, halafu hapo hapo ukiwa bado na machozi mshukuru. Wafilipi 4:6 imeviweka pamoja kabisa, kusali na kuomba pamoja na kushukuru, na Paulo aliandika hayo akiwa kwenye minyororo, hajui ataachiwa au ataumizwa. Na Bwana wetu pale kaburini kwa Lazaro alisema Baba nakushukuru kwa kuwa umenisikia, wakati Lazaro bado yuko ndani na dada zake bado wanalia. Hata yeye mwenyewe alikuwa ametoka kulia.

Nilitaka niongee pia habari za wale wakoma kumi na yule Msamaria mmoja aliyerudi, lakini tumelisikia sana somo lile, na kusema kweli kuna jambo lingine linanisukuma zaidi na nikilipita sitalala.

Ni habari ya shuhuda zetu na sikukuu yetu ya mavuno.

Angalieni Jumapili kipindi cha ushuhuda kikifunguliwa wanasimama nani. Aliyepata kiwanja Mtumba, kule kwenye mji wa Serikali. Aliyepandishwa cheo. Aliyenunua gari. Ambaye mwanae kachaguliwa chuo. Tunapiga makofi na vigelegele na ni vizuri, tufurahi pamoja nao wanaofurahi, neno limesema. Lakini yule mama anayeuza mbogamboga barabarani tangu alfajiri, aliyekula mara moja kwa siku wiki nzima na bado Jumapili amekuja na watoto wake wameoga wamepaka mafuta, huyo hajawahi kusimama. Anakaa nyuma. Na kimya kimya anajifunza toka kwetu kwamba Mungu ana watu wake anaowapitia na yeye amemruka. Hatujamhubiria hivyo kwa mdomo, lakini kila Jumapili tunamwonyesha hivyo, maana shukrani tumeifanya kuwa ya waliopata tu.

Na mavuno ndo kabisa. Mnaijua siku ile, mwezi wa sita wa saba hivi, watu wanaingia na magunia ya mtama na uwele, karanga, alizeti, kuku wanapiga kelele madhabahuni, mbuzi wamefungwa pale nje, kwaya zinaimba, halafu baada ya ibada unakuja mnada. Naipenda ile siku, sitaki mtu anielewe vibaya, hela zile zimejenga nyumba za watumishi na zimeezeka makanisa ya vijijini. Ila mwaka mvua zikigoma unakuta watu hawaji kabisa siku ya mavuno. Wanaona aibu. Mtu hana debe hata moja la kuleta, anasema nitaenda Jumapili ijayo. Yaani siku ya kumshukuru Mungu imekuwa siku ambayo maskini anajificha asionekane kanisani. Wazee wa kanisa, wachungaji wetu tunaowaheshimu, nasema kwa upendo lakini nasema, hapo hatuko sawa.

Maana ukisoma Kumbukumbu la Torati 26, pale Mungu anapoagiza malimbuko, yaani mazao ya kwanza ya shamba, mtu anakuja na kikapu chake mbele ya kuhani na maneno anayotakiwa kusema ni haya, "Baba yangu alikuwa Mwarami karibu na kupotea." Umeona? Mwaka shamba limezaa, kikapu kimejaa, na anaanza kwa kuisimulia shida ya kwao. Tulikuwa wachache, tulikuwa wageni, Wamisri walitutesa, tukamlilia Bwana akatusikia. Shida iko ndani ya shukrani yenyewe. Halafu mstari wa 11 anaambiwa afurahie yeye na Mlawi na mgeni aliye kwake, na mstari wa 12 fungu la kumi la mwaka wa tatu anapewa Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale ndani ya malango yako washibe. Washibe, sio walambe.

Sasa sisi hapa Ugogo tungekuja na kikapu tungesema nini? Tuna habari zetu jamani. Wazee walisimulia njaa ya Mtunya, miaka ile ya Vita ya Kwanza ya Dunia mpaka kufika kama 1920, majeshi ya Wajerumani na baadae ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, vijana wenye nguvu wakapelekwa kubeba mizigo ya vita, halafu mvua nayo ikagoma. Watu walitawanyika kutafuta chakula, wengine hawakurudi, familia zilikwisha kabisa. Na katikati ya hayo walibaki watu, na hao waliobaki ndo walizaa waliotuzaa. Mimi na wewe tuliokaa hapa leo ni uzao wa watu waliokuwa karibu na kupotea. Sijui kwa nini tukisimama kushukuru hatuyataji haya, tunataja mshahara. Vijana wetu wengi hata jina la Mtunya hawalijui, wakipata shida kidogo wanadhani ni wao wa kwanza duniani na wanadhani Mungu kaanza kuwa mbali leo. Mkalishe mtoto mwambie, hapa tulipo pamekauka mara nyingi sana na Bwana hajaacha kuwa na watu hapa.

Mama mkwe nimemtaja hapo juu, ngoja niwashuhudie habari yake maana ndo inayonibeba wiki hii. Kuna mwaka kwelea kwelea walishuka shambani kwao uwele umekomaa, watoto wakapiga madebe mpaka wakachoka, ndege wakala karibu wote. Kilichopatikana hakikujaza hata kiroba. Sikukuu ya mavuno ilipofika majirani wengi hawakwenda, yeye alichukua bakuli, akaweka uwele ule ule mdogo, akaufunika na kitambaa chake kizuri akaenda nao mbele mchana kweupe. Nilimuuliza, mama ulimwambia nini Mungu? Akasema nilimwambia Bwana ndege wako wamekula, na sisi ni watoto wako, naamini hutatusahau, asante kwa hiki. Basi. Hapakutokea muujiza wa kushangaza mwaka ule, waliishi kwa mlenda mkavu na ubuyu na chakula cha msaada na mtoto mmoja aliyekuwa mjini akituma kidogo kidogo, na kuna siku walilala na uji tu. Lakini walivuka. Yule mama mpaka leo akiomba unasikia kabisa anaongea na mtu anayemfahamu. Mimi nina elimu kumzidi, nina Biblia tatu ndani, na ile imani bado naitafuta.

Na yule mjane wa Sarepta aliyemlisha nabii Eliya wakati wa njaa, 1 Wafalme 17, ndo hivyo hivyo. Konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa, na Mungu hakumjazia ghala. Alimpa unga usiopunguka, yaani kila asubuhi anaingiza mkono anakuta upo wa leo. Sisi tunataka ghala. Hata mimi nataka ghala, nataka kodi ya mwaka mzima nilipe nitulie. Lakini naona Bwana mara nyingi anawatunza watu wake kwa unga wa leo, na unga wa leo ukiupata unaona kama sio jibu, unaula huku unanung'unika habari ya kesho. Dada yangu, kaka yangu, uliyekula leo umejibiwa leo. Mshukuru kwa sauti, watoto wasikie. Usisubiri mpaka mambo yakae sawa ndo uanze kuimba nyumbani kwako. Imba na deni likiwepo. Omba na mwenye nyumba akiwa anapiga simu. Ukishindwa kusema maneno mengi sema asante Bwana kwa haya maji, kwa huu ugali, kwa huyu mtoto aliyeamka salama, mpaka moyo uanze kufuata. Mungu wetu hachoshwi na shukrani ndogo.

Na wewe uliyejaliwa mwaka huu, uliyenunua magunia mwezi wa saba bei ikiwa chini na sasa unayo stoo, usimshukuru Mungu kwa mdomo peke yake. Inawezekana mwenzako benchi la nyuma anaomba na jibu lake liko nyumbani kwako. Usimwandikie ujumbe wa Zaburi. Mpelekee debe.

Kwahiyo nimeongea na kiongozi wetu wa ibada za nyumba kwa nyumba na amekubali haya. Jumatano hii saa kumi na moja jioni tunakutana kwa yule bibi anayelea wajukuu kule nyuma ya kanisa, wengi mnapajua. Kila mtu aje na alichonacho, unga, karanga, mlenda, sabuni, hata kama ni kidogo kiasi gani na usione aibu, na ambaye hana aje hivyo hivyo, tunamtaka yeye. Kwenye ushuhuda tutaanza na wale ambao bado hawajajibiwa, waseme wazi wanapitia nini na wanamshukuru Mungu kwa lipi, waliopata watasubiri mwisho. Tutaombea mvua. Na wazee wa kanisa nawaomba kikao kijacho mliongelee suala la mavuno, kabla mnada haujaanza litengwe fungu la wajane na yatima wa mtaa wetu, ligawiwe siku ile ile, wasiambiwe waje wiki ijayo.

Bwana awabariki sana. Anayeweza kubeba sufuria kubwa la chai aniambie kabla ya Jumanne jioni.