Nilivyouingiza ujasiriamali kwenye somo la tafsiri

Mwaka wa kwanza nilichemka. Nafundisha tafsiri katika chuo kimoja hapa Tanzania, na tulipoambiwa kila somo liguse ujasiriamali, niliwaagiza wanafunzi wangu 38 waandike andiko la biashara. Nikaletewa mabanda ya kuku. Thelathini na mmoja walitaka kufuga kuku wa kienyeji. Waliobaki wakagawana sabuni ya maji na saluni. Hakuna aliyewaza kwamba tafsiri yenyewe, anayoisomea miaka mitatu, nayo inauzika. Sikuwalaumu. Hata mimi sikuwa nimewahi kuwaambia.

Kubadili mtaala kunapita idarani, seneti, hadi Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021 kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, ulikuwa na mapitio ya mitaala ndani yake, lakini sikutaka kungoja. Niliacha mada zote zilivyo, nikagusa upimaji tu. Katika alama 40 za upimaji endelevu nilifuta jaribio la pili, na alama zake 20 nikazipeleka mtaani: tafuta mtu mwenye maandishi yanayomsumbua, patana naye bei, fanya kazi, kisha niletee hesabu na sababu za kila ulichoamua.

Wenzangu wakanitania kwamba nimefungua stesheneri.

Kundi moja la wanafunzi watano lilikwenda kwa mama mwenye duka la pembejeo. Viuatilifu vyake vilikuwa na lebo za Kiswahili, ila herufi kama sisimizi na maneno ya kutafsiriwa moja moja. Wakapatana mabango mawili ya ukutani kwa shilingi 60,000. La kwanza walinakili kama lebo ilivyosema: "Muda kabla ya mavuno: siku 7." Nikawataka wakalibandike kwa majaribio, wakae dukani asubuhi nzima. Mzee mmoja mkulima wa nyanya akalisoma polepole, kisha akawauliza, "Kwa hiyo wanangu, wiki ile ya mwisho kabla ya kuvuna ndiyo nipulize?"

Walirudi darasani wamenywea. Kwa miaka nilikuwa nikisomesha nadharia ya skopos ya Hans Vermeer, kwamba tafsiri hupimwa kwa kazi inayokusudiwa kuifanya, wao wakiandika na kupiga miayo. Siku ile sikuhitaji hata kufungua notsi. Bango jipya, baada ya bwana shamba kulipitia, lilisomeka: "Ukishapuliza dawa hii, usichume wala usiuze mpaka zipite siku 7."

Fedha nazo zikawafundisha kwa ukali wake. Kuchapisha kulimeza 38,000, bodaboda na bando 9,000. Zikabaki 13,000, yaani 2,600 kwa kila mmoja, kwa kazi ya wiki tatu. Walikuwa wametaja bei kabla hawajauliza gharama ya kuchapisha! Ndipo nikaongeza kipindi kizima cha bei: kuhesabu saa za kutafsiri na za kusahihisha, kutenganisha malipo ya kazi na ya uchapaji, kuomba malipo ya awali bila kuona haya. Hili la haya ndilo gumu kuliko yote. Mwanafunzi anayemwamkia mteja "shikamoo" hukuta ulimi mzito anapofika kwenye bei.

Kuhusu alama, sipimi faida. Ningefanya hivyo, mwenye mjomba mwenye kampuni angeshinda kila mwaka. Aliyeongoza muhula ule alikataliwa na wateja wanne, lakini maelezo yake ya kwa nini kila mmoja alikataa yalikuwa bora kuliko tasnifu nyingi nilizosoma.

Mwenzangu wa historia, yule aliyecheka zaidi, sasa anawapeleka wanafunzi wake Bagamoyo kuandaa matembezi ya magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa huko. Wamegundua kwamba kuongoza wageni kunataka leseni, jambo ambalo hakuna mhadhara uliowahi kuwaambia.

Kwetu soko limeongezeka tangu sheria ilipobadilishwa 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Wanafunzi wanabisha hodi hata kwa mawakili. Shida niliyonayo ni idadi. Mwaka huu darasa lina watu 110, na mji wetu ni mdogo. Juzi mama wa pembejeo amenipigia simu: "Mwalimu, wanao nawapenda, lakini tangu Jumatatu wamekuja makundi sita. Niwape kazi gani tena, wanitafsirie mpaka daftari la madeni?"

Nimemwomba anihifadhie hilo daftari.