Nilivyolipwa fidia ya duka la kupanga

Nimechoka kusikia watu wakiambiana kwamba barabara ikipita mpangaji hana chake. Mimi niliambiwa hivyo na watu wasiopungua kumi, wakiwemo wasomi, na ningewasikiliza ningeondoka na magunia yangu ya chumvi bila hata shilingi. Nililipwa. Naandika kwa sababu reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, nayo inakuja, na kwenye vituo vyetu vya biashara wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba.

Duka lilikuwa kando ya barabara ya Kasulu kwenda Manyovu, mpakani na Burundi. Niliuza chumvi ya Uvinza, mchele, mawese na sabuni, na mara mbili kwa mwezi nilivusha mzigo hadi Mugina, ng'ambo ya mpaka. Mwishoni mwa 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha kama dola milioni 322 kwa barabara ya nchi mbili: kilomita 260 kwetu Tanzania, kutoka Kabingo kupita Kasulu hadi Manyovu, na kilomita 45 kwa wenzetu, Rumonge hadi Gitaza. Tulifurahi sana. Masika tulikuwa tunalala njiani na mzigo.

Siku wathamini wa fidia walipopita nilikuwa Mugina. Mwenye nyumba wangu alipigwa picha mbele ya jengo akiwa ameshika kibao cha namba kifuani, akasaini, wakaendelea. Nilipofika jioni akaniambia, "Mwanangu, wameandika nyumba. Wewe hawakukuuliza."

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani mmoja alisema tuongeze chumba cha nyuma haraka ili hesabu ikue. Alijenga chake, matofali mazuri kabisa ya kuchoma, na hakulipwa hata tofali moja, kwa sababu tarehe ya ukomo ilikuwa imeshatangazwa na kilichojengwa baada ya hapo hakihesabiwi. Mwingine aliniambia mwenye pesa ni benki, kwa hiyo niandikie makao makuu Abidjan. Huyu nilimsikiliza. Niliandika kurasa nne usiku kucha, kijana wa steshenari akachapa, akatafsiri, akatuma, nikalipa kama elfu thelathini na kitu. Nilieleza habari ya mume wangu marehemu, ada za watoto, kila kitu. Kisha nikakaa nasubiri, na mwezi mzima ukapotea katika muda ambao kila wiki ilikuwa na thamani.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja, afisa jamii wa mradi, kwenye mkutano wa kijiji. Alieleza kwamba barabara inayounganisha nchi mbili ina mfuko wake: kwa kawaida theluthi moja ya pesa inakatwa kwenye fungu ambalo benki imeitengea nchi hiyo, na theluthi mbili zinatoka kwenye fungu la benki la kanda nzima. Burundi ilipewa ruzuku, sisi tukapewa mkopo. Pesa hizo ni za lami na madaraja. Fidia inatoka hazina ya serikali yetu, na benki inataka watu wawe wamelipwa kabla tingatinga halijagusa kipande chao. Niliinua mkono nikauliza, "Dada, kwa hiyo mkandarasi akianza kabla sijalipwa, serikali ndiyo yenye tatizo na benki?" Akasema ndiyo, mama. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Niliyepaswa kumwona alikuwa mtendaji wa kata, mwenye kamati ya malalamiko, hatua mia mbili kutoka dukani kwangu.

Kwanza nilipima mwenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliye ndani ya 22.5 sheria inamwona ameifuata barabara. Aliye kati ya 22.5 na 30, barabara ndiyo imemfuata, naye analipwa. Nilinunua kamba ya manila, nikapiga fundo kila mita, mwanangu akashika ncha katikati ya barabara huku akikwepa bodaboda. Ukuta wa mbele ulikuwa fundo la ishirini na sita.

Sasa faida iliyopotea. Kanuni zetu za fidia zinasema faida halisi ya mwezi zidisha kwa miezi 36, lakini zinataka hesabu zilizokaguliwa. Muuza chumvi gani ana hesabu zilizokaguliwa? Hapo ndipo kila mtu alikata tamaa, na hapo ndipo najivunia.

Nilikuwa na boksi la sabuni chini ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na vyeti rahisi vya uasili wa bidhaa, yaani karatasi za kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, vile vinavyotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila safari ya Mugina nilitupia nakala humo, miaka mitatu. Vingine vilikuwa na alama za vidole vyangu, rangi ya chungwa ya mawese, karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Nikavipanga kwa tarehe sakafuni. Kando ya kila cheti nikaweka ukurasa wa daftari la mauzo wa wiki hiyo, na taarifa ya miamala ya simu niliyoomba kwa wakala. Na stakabadhi za kodi. Vilikubaliana! Mzigo umetoka Jumatano, hela imeingia kwenye simu Ijumaa, daftari linasema vilevile. Mhasibu wa Kasulu mjini alikaa navyo siku mbili, akaandaa hesabu, akagonga muhuri. Alinitoza laki moja na nusu hivi, nikampa na ndoo ndogo ya mawese.

Kamati ilinisikiliza saa nzima. Mjumbe mmoja alikuwa anasema mpangaji hana haki, nikamwomba asome mpango wa kuhamisha watu, maana masharti ya benki yanamtambua hata asiye na hati, kwa biashara yake na kwa kuhama kwake. Tena usiende peke yako, nenda na mwenye nyumba. Mzee mwenye nyumba wangu alisimama akasema, "Nyumba ni yangu, biashara ni yake," na hilo lilimaliza ubishi kuliko karatasi zote.

Wathamini walirudi. Safari hii kibao nilikishika mimi. Ilichukua miezi mingi, nauli za kufuatilia sikuziandika, lakini nililipwa kabla duka halijabomolewa: faida, na usafiri unaohesabiwa kwa tani 12 ndani ya kilomita 20, hata kama mzigo wako haufiki huko. Zilitosha kununua kiwanja na kupaua.

Duka jipya nililipima kabla ya kuchimba msingi, kwa kamba ileile. Ukuta wa mbele uko fundo la thelathini na nne.