Sugu

Kauli ya shangazi haijanitoka tangu kikao cha Jumapili. Mahari ya dada imekubaliwa, bosi wetu kahamishwa ghafla, na mimi bado namsikia tu akimsema mdogo wangu: "Huyo ni sugu. Msijichoshe."

Alikuwa anachambua mchele, hata macho hakuinua. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia na birika la chai.

"Shangazi, mwenyewe huyu hapa," nikasema.

"Na asikie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu guu limeshavunjika na bado hasikii."

Akaweka birika mezani, akatoka.

Neno hilo naliandika kliniki kila mara. Kifua kikuu sugu ni kile kisichosikia rifampisini na isoniazidi, dawa tunazozitegemea kuliko zote. Mara nyingi mgonjwa ameanza dozi ya miezi sita, mwezi wa pili kikohozi kimekata, akaacha. Vijidudu vilivyobaki, vile vigumu kuliko wenzao, vikapata nafasi ya kuzaana. Lakini kwenye faili la mgonjwa hatuandiki "msijichoshe". Tunabadilisha dawa, tunamfuata mpaka nyumbani. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, Kilimanjaro, wanatibu TB sugu tangu 2009, na watu wanapona.

Halafu sugu yenyewe imetokana na kusugua! Ndiyo ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima. Babu alikuwa nayo kwenye paji la uso, kidoa cheusi cha miaka mingi ya kusujudu, na shangazi huyuhuyu ndiye aliyetuonyesha tukiwa wadogo: "Mnaona? Huyu ni mtu wa ibada." Ngozi haiwi sugu bila kitu cha kuisugua. Tangu baba afariki, mdogo wangu kalelewa nyumba hii na ile, kila nyumba na fimbo yake. Hilo kikaoni hakulisema mtu, na mimi nitalisema.

Jana jioni alikuja kwangu. La shangazi hakuligusa. Akamkuta mwanangu analia na hesabu za sehemu, akakaa naye mkekani, akachukua chapati akaikata vipande vinne, kisha vinane. "Haya mjomba, nikila viwili hapa, imebaki sehemu gani?" Hakumkaripia hata mara moja. Mtoto kacheka mpaka kapaliwa, na hesabu zote kazimaliza. Nimelala na furaha.

Ila mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja juu ya swichi kabisa, na fundi hapokei simu.