Glovu ya hospitali dhidi ya proforma ya milioni kumi na nne

Sijui nani aliwafundisha watu kwamba proforma ya wakala wa magari, ile karatasi ya makadirio ya bei ya matengenezo, inapimwa kwa kuigawa kwa mbili. Nilipopewa ya lori langu, washauri walitoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Shemeji akasema gawa kwa mbili, hiyo ndiyo bei halali. Jirani yangu hapa Isevya, ambaye hajawahi kumiliki hata guta, akasema hao wote ni wezi, lipeleke kwa fundi wa chini ya mwembe. Mwingine akaniletea risiti ya Scania yake ya mwaka juzi ili nilinganishe na Fuso! Hakuna aliyeniuliza swali moja la maana: hao waliokuandikia wamepima nini?

Gari lenyewe ni Fuso Fighter, injini 6D16, silinda sita. Msimu wa tumbaku linabeba tumbaku, msimu wa mpunga linabeba mpunga, na katikati linakwenda kuchukua chumvi Uvinza. Lilianza kuchemsha likirudi na chumvi, hata Daraja la Kikwete pale Malagarasi halijalifikia. Dereva akaongeza maji, likatembea. Kaliua likachemsha tena. Urambo kadhalika. Lilivyofika kwa wakala ni hadithi nyingine na ina gharama zake, niache.

Proforma ikatoka: ovaholi kamili, yaani kufungua injini yote na kuifanya upya. Pistoni, ringi, laina, beringi, silinda hedi mpya (kile kifuniko cha juu ya silinda), kiti nzima ya gasketi (seti kamili ya vizibo vya kati ya vipande vya injini), klachi, oili, ufundi. Milioni kumi na nne na ushee. Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafutwa kwa miwani, bei haijajumuisha VAT. Ongeza asilimia 18 hapo, unavuka kumi na sita na nusu. Na injini ilikuwa haijafunguliwa hata nati moja.

Nilianza na njia ya kila mtu: kutafuta bei ya pili. Fundi wangu wa siku zote akasema milioni sita, kila kitu ndani. Nikafurahi mpaka nilipomkalisha na kumwuliza hicho "kila kitu" ni kipi. Pistoni za mtumba. Hedi haichongwi, "tutaisugua na msasa." Oili nanunua mimi. Gasketi ni itakayopatikana. Risiti hakuna. Sasa sita hiyo unailinganishaje na kumi na nne? Hizo ni kazi mbili tofauti zenye jina moja. Nikapiga simu Dar, maduka ya spea ya Gerezani, nikiuliza bei ya pistoni za Fuso, na kila duka likanipa bei yake, nyingine mara tatu ya nyingine. Huyu anasema ya kopi, yule orijino, wa tatu ananiuliza "Fuso ipi mzee, Canter au Fighter?" Vocha ikaisha bure.

Kilichonisaidia ni namba za spea. Kila kifaa cha kiwandani kina namba yake, na wakala anayo kwenye kompyuta hata kama kwenye karatasi yako kaandika jina tu. Kijana wa mapokezi alisitasita, akasema mfumo hautoi. Nikamwambia, "Mwanangu, mfumo uliotoa bei hauwezi kukosa namba." Ukatoa.

Namba hizo nikamtumia mpwa wangu aliyeko Dar, akaenda Gerezani na orodha mkononi. Mwenye duka akawa Mzaramo, na aliposikia mjomba mwenye gari ni Mnyamwezi akaichukua simu mwenyewe. Hapo biashara ikasimama kwanza. Akaniambia Mnyamwezi hapunguziwi bei, anaongezewa mzigo abebe. Nikamjibu mzigo nitabeba, ila nitamwachia yeye msiba wa kupika. Tulipomaliza utani ndipo akanipa dhahabu: "Mtani, hii orodha yako ina gasketi mbili za hedi. Kiti nzima ya ovaholi inakuja na gasketi ya hedi humo humo, na sili za valvu humo humo. Huku chini wameziandika tena moja moja."

Nikaitazama. Kweli, mistari miwili ya hewa. Bei nyingine za wakala zilikuwa juu ya Gerezani, lakini hizo sikuzigombania. Spea orijino yenye warantii ya wakala huilinganishi na kopi ya dukani, na ukiwaletea spea yako mwenyewe warantii inakufa. Wanaokwambia umeibiwa kwa sababu Gerezani ni nusu bei, waulize kwanza nusu bei ya kitu gani.

Ufundi nao nikauliza kwa saa. Wakala wana kitabu cha kiwanda kinachosema kazi fulani ni saa fulani, kwa hiyo usiulize "kwa nini ghali," uliza "saa ngapi, na kila saa shilingi ngapi." Saa za ovaholi zilikuwa za haki. Za klachi ndizo zilinichekesha: walihesabu kushusha gia boksi upya, wakati injini ikishatolewa gia boksi inakuwa imeshaachana nayo na klachi iko wazi unaiona. Kazi moja inalipwa mara mbili hapo. Kijana akakuna kichwa, akaifuta.

Lakini haya yote ni makombo. Swali langu lilikuwa lile lile: nani kasema pistoni zimekufa? Daftari la gari linaonyesha kila lita ya oili niliyoongeza, na kati ya sevisi na sevisi nilikuwa siongezi kitu. Moshi wa bluu hakuna. Ringi zikifa gari linakunywa oili, hilo hata konda anajua. Gari langu lilikuwa linakunywa maji tu, na asubuhi likiwashwa linatoa moshi mweupe.

Mzee mmoja mstaafu wa reli hapa Tabora, aliyezeeka na injini za treni, ndiye aliyenipa mchezo wa glovu. Nikanunua glovu za hospitali duka la dawa, nikaenda nazo mpaka kwenye yadi ya wakala. Injini baridi kabisa, na hapa sitanii: rejeta ya moto ukiifungua maji yanakurukia usoni. Nikajaza maji mpaka mdomoni, kimpira cha maji ya ziada nikakikunja na kukifunga waya, kisha nikavisha glovu mdomo wa rejeta na kuikaza kwa kipande cha tyubu. Mlinzi akaniuliza kama nazalisha. Nikamwambia dereva washa.

Kidole gumba kikainuka kwanza. Kikafuata cha shahada. Kabla hata maji hayajapata uvuguvugu, mkono mzima umesimama juu ya rejeta unatupungia. Mafundi wakaacha kazi, wengine wakatoa simu. Maji baridi hayawezi kuinua glovu hivyo. Hiyo ni hewa ya mwako inayotoka kwenye silinda, inapita gasketi iliyoungua au hedi yenye ufa, na kuingia njia ya maji. Nilisimama pale kifua mbele kama mimi ndiye niliyegundua dizeli.

Fundi mkuu hakucheka. Akasema, "Mzee wangu, hiyo inaonyesha gasketi. Haionyeshi kwamba ringi ni nzima." Na alikuwa sahihi. Nikamwambia basi tupime, nawe uniandikie majibu kwenye karatasi. Tukakubaliana ada ya vipimo itakatwa kwenye bili kama kazi itafanyika hapo hapo. Kubaliana hilo kabla, si baada.

Wakatoa nozeli zinazopulizia dizeli, wakapima kompresheni, yaani presha ya kila silinda. Silinda tano zikasoma karibu sawa, ya tatu ikawa chini. "Unaona?" akasema, "ringi." Hapo angenimaliza kama si yule mzee wa reli, maana alikuwa amenionya: geji inakwambia presha inapotea, haikwambii inapotelea wapi. Nikaomba pistoni ya tatu ipandishwe juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, kisha hewa ya kompresa iingizwe kupitia tundu la nozeli. Hewa ikitokea kwenye mdomo wa oili, ringi au laina zimechoka. Ikitokea ekzosi au upande wa kuvutia hewa, ni valvu. Ikitoa mapovu kwenye maji, ni gasketi au hedi. Mimi nikaweka sikio kwenye mdomo wa oili, dereva akachungulia rejeta.

"Bosi, huku kunachemka bila moto!"

Kwenye oili nilisikia pumzi ndogo tu, ile ya kawaida ya injini yoyote iliyotembea. Fundi mkuu akaja kusikiliza mwenyewe, akanyamaza, akachukua proforma mkononi mwangu akaanza kukata kwa kalamu. Pistoni, laina, ringi, beringi, vyote vikaenda. Klachi nayo ikaenda, maana haikuwa inateleza. Ilikuwa imepandia lifti ya ovaholi. Hedi mpya ikageuzwa kuwa sharti: ipimwe unyoofu na ipimwe ufa kwa presha, ikiwa nzima ichongwe, ikiwa na ufa ndipo iandikwe mpya. Ikawa nzima.

Jambo lililoniudhi kuliko bei ni kwamba ile proforma ndefu yote haikuwa na neno rejeta. Ilipofunguliwa ilikuwa imeziba nusu kwa matope na kutu, dereva wangu akijaza maji ya kila kijito kuanzia Malagarasi. Thamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta, nayo imeganda. Ningelipa milioni kumi na sita, nikapewa injini mpya, ikaunguza gasketi nyingine safari ya kwanza ya chumvi. Kwa hiyo tukaongeza kusafisha rejeta, thamostati na kulanti, maji ya dawa ya kupoza injini. Mimi mwenyewe nikawa naongeza bei ya proforma!

Jumla ikafika milioni tano na kitu, VAT ndani, risiti ya EFD mkononi, warantii imeandikwa. Spea za zamani nilidai zirudishwe, na hilo liwe kwenye maandishi tangu mwanzo, usidai siku ya kuchukua gari. Gasketi ya zamani ina alama nyeusi ya kuungua kutoka silinda ya tatu hadi tundu la maji.

Mstari mmoja tu ulinishinda: "vifaa vidogo vya gereji", asilimia fulani ya ufundi. Nikauliza ni nini, wakasema grisi na matambara. Nikabishana, wakakataa, nikalipa. Ila nikasema kama nimeyalipia basi nipeni matambara yangu. Kijana akanijazia mfuko mzima, na dereva mpaka leo anayatumia kufutia kioo.