Boliti za Ekseli ya Mbele
Katika mitaa ya Goma ambayo bado ina mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002, boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli ya mbele (mhimili wa magurudumu ya mbele) hutikiswa kila siku, na zikilegea kidogo tu, ekseli huanza kusogea hadi boliti ya katikati, ambayo kazi yake ni kuiweka springi mahali pake, inakatika. Ndivyo basi dogo la familia yetu lilivyoanza kuvuta upande wa kulia. Fundi alipendekeza kuzipasha moto boliti za zamani na kuzinyoosha. Nilikataa, kwa sababu chuma kilichotiwa ugumu kiwandani hupoteza nguvu kikipashwa moto, na boliti za U zilizokwisha kuvutika hazifai kufungwa tena. Tulinunua mpya za daraja la nguvu la 10.9, kama kitabu cha gari kinavyoagiza, tukasugua kutu, kisha tukazikaza kwa mkingamo, yaani nati moja kisha ile ya kona ya pili, hatua kwa hatua, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake.

Baada ya safari za kwanza nati hukaguliwa tena kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kuwa tabaka za springi hujikandamiza na kuacha ulegevu. Fundi asiye na spana hiyo nisingemkabidhi ekseli ya mbele.