Kumbukumbu ya mradi wangu: sinia la vijiko, vioo na rimu la lori

Juma la kwanza, Jumamosi

Hatimaye nimeanza. Tangu mwaka jana nasema nitazitengeneza mwenyewe zile sauti za pembeni kwenye albamu za hevi metali (muziki wa roki mzito wa magitaa) za mwaka 1980, zile ambazo hazikutoka kwenye ngoma wala kwenye midundo ya kawaida ya gitaa. Leo nimechukua sinia jikoni, nikalijaza vijiko na uma, nikajifungia chumbani na simu ya kurekodia.

Mapema mwaka 1980 Judas Priest, bendi ya hevi metali ya Uingereza, walikwenda Tittenhurst Park, jumba lililo karibu na Ascot, Uingereza, wakati huo likiwa mali ya Ringo Starr, aliyekuwa mpiga ngoma wa Beatles, kurekodi albamu yao British Steel. Studio ilikuwepo, lakini wakahamia kwenye vyumba vya nyumba yenyewe. Mashine za kuhifadhi vipande vya sauti zilikuwa bado adimu. Basi walipotaka majitu ya chuma yaandamane ndani ya "Metal Gods", walichukua trei za vijiko na visu. Walipotaka vioo vivunjike kwenye "Breaking the Law", walivunja chupa za maziwa. Hata king'ora cha polisi kwenye wimbo huo ni gitaa la K.K. Downing, mmoja wa wapiga gitaa wao, akizilegeza na kuzikaza nyuzi kwa ule mkono wa chuma ulio pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Nilipolijua hili sikulala vizuri. Miaka yote nilidhani ni mashine fulani ya ghali!

Na jina la albamu halikuokotwa hewani. Glenn Tipton, mpiga gitaa mwingine wa bendi, aliwahi kufanya kazi British Steel, shirika la chuma, kabla ya muziki. Wafanyakazi wa chuma wa Uingereza waligoma kuanzia 2 Januari hadi 3 Aprili mwaka ule, na albamu ikatoka 14 Aprili. Msikilizaji wa Birmingham au Walsall, miji ya viwanda huko Uingereza, hakuhitaji kuelezwa.

Matokeo ya leo: mabaya. Nilikuwa natikisa sinia, na nikisikiliza nasikia mtu anaosha vyombo.

Juma la kwanza, Jumapili

Nimepata! Halitikiswi, linaangushwa. Nimekunja khanga mara nne nikaitandika sakafuni, nikalinyanyua sinia kama upana wa kiganja, nikaliachia likiwa limelala sawasawa. Vijiko vyote vinaruka na kutua pamoja, halafu khanga inameza ule mlio wa sinia lenyewe. Kinachobaki ni "chak" moja nzito, na nyuma yake michakacho midogo kama bawaba zinazojikunja. Vijiko vyepesi nimeviondoa, nimebakiza upawa mmoja na vile vizito vya wageni. Nimerekodi mara kumi na nne. Mke wangu amesimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Baba Neema, hao ni askari wanapita." Nilitamani nimkumbatie, ila simu ilikuwa bado inarekodi.

Juma la pili

Vioo. Chupa ya soda haifai, ni nene, inapasuka vipande viwili na kunyamaza. Nimetumia vipande vya kioo cha dirisha ndani ya ndoo ya chuma, nimevaa glavu na miwani. Imetosha, sina la kuongeza.

Juma la tatu

Hii ndiyo niliyokuwa naiogopa: kengele. Bon Scott, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alifariki 19 Februari 1980, na wenzake wakaenda na mwimbaji mpya, Brian Johnson, hadi Nassau, Bahamas, kurekodi albamu ya Back in Black, iliyotoka 25 Julai mwaka huohuo. Albamu inafunguka kwa kengele peke yake, polepole, kama ya msibani. Nikiisikia bado mwili unasisimka. Kengele yenyewe ina uzito wa karibu tani moja na ilitengenezwa na kiwanda cha kengele cha John Taylor, mjini Loughborough, Uingereza. Mwanzoni fundi wao wa sauti, Tony Platt, alijaribu kurekodi kengele ya mnara wa kumbukumbu ya vita mjini humohumo, lakini ndege walikuwa wamejenga huko juu, na kila ikigongwa walipuruka na mbawa zao zikaingia kwenye rekodi. Ikabidi waifuate ile yao mpya kiwandani.

Mimi sina tani moja ya shaba. Nina shule ya msingi jirani, na pale kwenye mwembe linaning'inia rimu la lori linalogongwa asubuhi.

"Shikamoo mwalimu mkuu. Naomba Jumapili nije nigonge kengele yenu."

"Marahaba. Gonga, lakini usigonge ile ya hatari, utanitolea watu nje."

Nilikwenda saa saba mchana, nikakosea. Jua lilikuwa kali na mabati ya madarasa yalikuwa yanalialia, ta, ta, ta, kila sekunde chache. Rekodi nzima nimefuta. Jumapili iliyofuata nilifika saa kumi na mbili asubuhi, mabati bado baridi. Nondo ilitoa mlio mkali unaochoma masikio. Nikachukua mchi wa mbao, nikauviringisha vipande vya tyubu ya baiskeli, nikagonga karibu na ukingo. Rimu likaguna. Ukiweka sikio karibu unasikia milio miwili iliyopishana kidogo, inasukumana kama mawimbi mpaka inapozimika.

Usiku nimeipunguza mwendo kwa nusu kwenye kompyuta, sauti ikashuka oktava nzima na mvumo ukawa mrefu maradufu. Nimezima taa, nimevaa hedifoni, nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Kilichobaki ni ule mlio wa hewa kuchapwa, kama wa mjeledi, wa kwenye "Metal Gods", ambao Judas Priest waliutoa kwa fimbo za biliadi. Kijana wa meza ya puli hapa mtaani ameahidi kuniazima fimbo mbili Jumatatu asubuhi, kabla wachezaji hawajafika.