Kumcha Mungu kando ya kaburi la Nyali
Jumapili jioni nilikwenda Nyali kulitazama kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1844 pamoja na binti yao mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Kwa miaka mingi nilimwogopa Mungu kama mtoto aogopavyo fimbo, nikisali ili nisiadhibiwe. Pale, nikimfikiria mume yule aliyewazika wapenzi wake na bado akaendelea kuyatafsiri Maandiko kwa Kiswahili, niliikumbuka Zaburi ya 130, ambayo, jambo lililonishangaza sana, inasema Mungu huogopwa kwa sababu kwake kuna msamaha. Nilivua viatu, nikanyamaza hadi adhana ya magharibi, wala sikuomba chochote.